Nungunungu Muuza Kofia na Kichwa cha Mheshimiwa Nyati

Kofia!

— Kichwani!

Kofia!

— Kichwani!

Na mwenye kichwa kitupu?

— Tumpe cheo!

Haya, sogeeni motoni, mwacheni na mama mjamzito anyooshe miguu. Na wewe unayepiga miayo kabla hata sijaanza, hongera, unafaa kuwa mkurugenzi.

Zamani sana, enzi ambazo wanyama ndio waliosema na watu wakanyamaza, palikuwa na mji ukiitwa Utosini. Mji ule ulikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa: asiye na kofia haingii barazani. Huna kofia, husemi. Huna kofia, huposi. Huna kofia, hata msiba wa babako unauchungulia dirishani. Sheria nyingine zilikuwepo, nyingi tu, zimepigwa muhuri, zimefungiwa kabatini, panya wanazisoma.

Katika mji huo aliishi Nungunungu. Binti msomi. Alikaa miaka minne Chuo cha Msitu Mkubwa akisomea Usimamizi wa Kivuli. Akatoka na digrii iliyoandikwa kwenye gome la mti. Ndugu wakapika, wakala, wakacheza, wakasema, "Sasa umetutoa!" Hawakutoka popote. Masika saba yakapita. Nungunungu bado yuko kwenye shimo la dada yake, analala mlangoni kama mkeka wa kufutia miguu, na kila asubuhi shemeji yake akitoka anachomwa miiba, anaruka, anauliza, "Hivi huyu msomi wenu ataondoka lini?"

Akaenda kuomba kazi kwa Tembo, bosi wa mabwawa.

"Una digrii?"

"Ninayo."

"Una ekspiriensi?"

"Sina."

"Tutakupigia."

Akaenda kwa Kiboko, bosi wa matope.

"Una digrii?"

"Ninayo."

"Una ekspiriensi?"

"Ya matope?"

"Tutakupigia."

Akaenda kwa Fisi, bosi wa mifupa.

"Una digrii?"

"Ninayo."

"Una ekspiriensi?"

"Sina."

"Una mjomba humu ofisini?"

"Sina."

"Okay. We will call you, my dear."

Na jamani, simu zilikuwa bado hazijabuniwa!

Basi akafika duka la kofia la Bwana Korongo. Huyu alikuwa ndege mrefu, miguu kama vijiti vya mishikaki, mfuko unaning'inia shingoni, tarbushi nyekundu kichwani. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni balozi. Ukimsogelea, unasikia harufu.

Korongo akamwangalia juu, akamwangalia chini. "Msomi, hapa sitaki digrii. Hapa tunauza. Mji mzima huu nimeuvika kofia, isipokuwa vichwa vitatu: cha Kobe, cha Twiga na cha Nyati. Nakupa siku tatu. Vyote vikitoka na kofia, kazi ni yako moja kwa moja, na chumba cha nyuma ulale. Kimoja kikitoka kitupu, urudi kwa shemeji."

"Na mkataba, bosi?"

"Unataka kazi au unataka karatasi?"

Nungunungu akakumbuka karatasi alizonazo. Akasema, "Nataka kazi."

Sasa sikilizeni lile duka lilivyofanya kazi. Kofia zote zilishonwa kwa mkono, zikatobolewa vitobo vya kupitisha upepo, zikachovywa kwenye wanga wa muhogo, kisha zikavishwa kwenye kibuyu zikaukie hapo, zisimame vizuri. Ndivyo inavyotakiwa. Ila kwa Korongo kibuyu kilikuwa kimoja. Kimoja tu, mji mzima! Kofia zote saizi moja. Swala akija, kofia inamwangukia puani. Ngiri akija, inamkaa juu kama kifuniko cha birika. Kioo je? Hakuna. Korongo mwenyewe ndiye kioo. Mteja akilalamika, Korongo anafumba macho, anaimba:

*Kofia yangu haina kosa,*
*kosa ni la kichwa chako.*
*Kipe muda kichwa, bwana,*
*kitaizoea kofia yako.*

Na wateja wananunua! Wanatoka wamevaa vituko, wanakutana njiani, wanaambiana, "Umependeza." "Na wewe umependeza." Mji mzima unadanganyana kwa adabu. Mnacheka nini? Nyinyi mnajiona mmevaaje?

Kofia!

— Kichwani!

Siku ya kwanza akaja Kobe. Kaja taratibu, kaondoka kwake juzi.

"Shikamoo, mjomba Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kofia, lakini sitapata. Kila nikivaa, nikishtuka kidogo narudisha kichwa ndani, kofia inabaki nje. Watu wanaiokota. Mwaka jana waliiokota nikiwa bado nimo, wakanibeba na mimi."

Korongo akaanza, "*Kofia yangu haina kosa…*"

Nungunungu akasema, "Bosi, samahani. Mjomba, nikuulize maswali matatu. Unakwenda wapi? Unakwenda kwa nani? Na ukifika, unataka waone nini?"

Kobe akawaza. Kobe akiwaza unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Akasema, "Naenda kuposa. Nakwenda kwa kina Kenge, wanaongea kwa ukali sana wale. Nikifika, nataka waone mtu ambaye hajakimbia."

"Kwa hiyo unahitaji kofia inayoingia ndani na wewe, halafu mkatoka pamoja."

Akachukua kofia laini ya pamba, akaisuuza wanga wote, akachomoa mwiba mmoja mgongoni mwake. Maana mwenzenu Nungunungu sindano anatembea nazo, haombi mtu. Akapunguza hapa, akakaza pale, akakausha bila kibuyu. Kobe akaivaa. Nungunungu akamfokea ghafla, "Mahari iko wapi?" Kobe pwaa, kichwa ndani, kofia ndani. Akatulia. Akatoka, kofia ipo, imekaa upande kidogo, kama kijana wa mjini.

"Upande hivyo hivyo," Nungunungu akasema. "Usiinyooshe. Ndiyo staili yako."

Kobe akatabasamu. Miaka themanini hajawahi kuwa na staili.

Korongo akanung'unika, "Kofia bila wanga ni uji. Umeniaibisha." Lakini kichwa kilitoka na kofia. Kimoja.

Siku ya pili akaja Bibi Twiga. Hakuingia dukani, aliingiza shingo.

"Hujambo, mwanangu. Mimi kofia nimevaa za kila aina, kwa mafundi wa kila mji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimependeza. Hakuna! Hata mume wangu. Hasa mume wangu."

Korongo akaanza, "*Kosa ni la kichwa chako…*"

"Bosi, subiri. Bibi, unakwenda wapi? Unakwenda kwa nani? Na ukifika, unataka waone nini?"

"Naenda harusini. Nakwenda kwa mawifi zangu. Na nikifika nataka waone kofia, waugue."

Nungunungu akatoka nje. Akasimama miguuni pa Bibi Twiga, akatazama juu. Akarudi hatua tatu, akatazama juu. Akalala chali kabisa kwenye vumbi, akatazama juu. Akacheka.

"Bibi, kofia zako zote maua wamekushonea juu. Juu kule nani anayaona? Tai! Sisi wa huku chini tunaona uvungu."

Akachukua kofia pana ya ukindu, akaigeuza. Maua yote akayashona chini ya ukingo: mekundu, manjano, na moja la samawati karibu na sikio, la uchokozi. Korongo akapiga kelele, "Maua kwenye uvungu! Chuo kimekuharibu!" Bibi Twiga akaivaa, akatoka barabarani. Wanyama wote wakainua nyuso, midomo wazi. Pundamilia akajigonga kwenye mti. Wifi mmoja alikuwa anapita, akaona, akasema, "Mh," akarudi kwake kulala.

Kichwa cha pili kikatoka na kofia. Siku hiyo Nungunungu alichungulia kile chumba cha nyuma. Kitanda cha kamba, dirisha dogo, hakuna shemeji. Akakaa ukingoni mwa kitanda kidogo tu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Kofia!

— Kichwani!

Siku ya tatu, asubuhi, vumbi. Akaja Nyati. Na hakuwa Nyati tu, alikuwa Mheshimiwa Nyati, ameteuliwa juzi kuwa Mkuu wa Utosini. Alisomea nini? Msiulize. Alikuwa na pembe, ikatosha. Siku hiyo hiyo saa nane mchana alitakiwa ahutubie baraza, na kofia hana.

Korongo akainama mpaka mdomo ukagusa sakafu. "Mheshimiwa! Karibu Mheshimiwa! Duka ni lako, mimi ni wako, huyu pia ni wako!"

Nungunungu akauliza, "Mheshimiwa, unakwenda wapi?"

"Barazani."

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa wananchi."

"Na ukifika, unataka waone nini?"

Nyati akapumua kwa pua. "Waone mkubwa. Hayo mengine hayawahusu. Sasa sikiliza, binti. Tangu niteuliwe, hawa watu wanasema sana. Mheshimiwa maji. Mheshimiwa njia. Mheshimiwa, mwanangu amemaliza chuo. Masikio yangu yamechoka. Nataka kofia nene, tabaka saba, ishuke mpaka chini ya masikio, ipigwe wanga mara tatu, isimame kama jiwe. Na ninaitaka sasa hivi."

Nungunungu akatazama kichwa kile, akaona hatari yake. Akasema, "Mheshimiwa, itakuziba masikio."

"Ndicho ninachotaka."

"Mheshimiwa, wanga mara tatu unahitaji kukaukia kwenye kibuyu mpaka jioni. Ukiivaa mbichi itakukaukia kichwani."

"Kwani kichwa changu kina upungufu gani kuliko kibuyu?"

Hapo Nungunungu akauma ulimi. Jibu alikuwa nalo, zuri, lakini kazi alikuwa hana.

Akasema mara ya tatu, "Mheshimiwa, ikigoma kutoka…"

Korongo akamfinya, akamvuta pembeni. "Wewe! Unataka kazi au unataka mdomo? Yeye ndiye kichwa cha tatu. Akitoka hapa mtupu, nawe umetoka. Shona!"

Nungunungu akamwona akilini shemeji anaruka mlangoni. Akawaza, nimemwambia mara tatu. Mtu mzima, ana pembe mbili, ana walinzi wanne. Akashona. Tabaka saba. Wanga mara tatu. Nyati akaivaa inatiririka, akaona ubaridi mzuri, akauliza, "Nimependeza?" Hakusikia jibu. Akafurahi sana.

Kichwa cha tatu kikatoka na kofia. Korongo akasema, "Haya, kazi yako." Nungunungu akaenda kukaa kwenye kile kitanda, safari hii akakaa katikati.

Saa nane. Jua la Utosini linachoma mpaka mawe yanatafuta kivuli. Nyati akapanda kwenye kichuguu cha kuhutubia. Kofia ikaanza kukauka. Kwanza ikakaza. Kisha ikabana. Kisha ikawa kitu kimoja na pembe. Yeye anahutubia: "Ndugu wananchi! Utosini mpya!"

Sasa, kile kichuguu kilikuwa njia ya siafu. Na siafu hawajui itifaki.

Wa kwanza kuona alikuwa Sungura. Akapaza sauti, "Mheshimiwa, siafu!"

Nyati akaona mdomo umefunguka, akapunga mkono. "Asante, asante!"

Watu wote wakapiga kelele, "Mheshimiwa, siafu! Shuka!"

Nyati akaona midomo elfu imefunguka. Machozi yakamlengalenga. "Sikujua mnanipenda hivi!"

Watu wakaruka, wakanyoosha mikono, wakaonyesha miguuni kwake, "Wanapanda! Wanapanda!"

"Naona mikono yote juu!" Nyati akasema. "Basi nimekubali. Nitawaongoza maisha!"

Ndipo siafu wakafika kule ambako kiongozi hajikuni hadharani.

Jamani! Mheshimiwa alitoka pale bila kufunga hotuba. Alijikuna kwenye mti wa kwanza, akajikuna kwenye wa pili, wa tatu ukaanguka. Akajaribu kuvua kofia ili asikie watu wanamwambia nini, kofia haivuki. Akaivuta, haivuki. Akaigonga ukutani, ukuta ukatoka. Basi akageuka, kichwa chini, mkia juu, mbio mpaka dukani. Na mji mzima nyuma yake. Nani akose?

"NIVUENI!" akanguruma mlangoni. "Nani kashona hii?"

Korongo akatetemeka mara moja tu. Halafu akakumbuka: huyu hasikii. Uso wake ukajaa tabasamu. Akainama vizuri, mabawa kifuani, na kwa sauti tamu kama ya mpambe wa harusi akasema, "Karibu, ng'ombe wee. Karibu, kichwa cha mbao." Akaelekeza mdomo wake mrefu kwa Nungunungu, akaonyesha kwa ishara: huyu hapa, mfunge kamba, mchukue.

Nyati akamgeukia Nungunungu. Macho mekundu.

"Bosi," Nungunungu akasema, "ulisema kazi ni yangu."

"Ilikuwa yako mpaka sasa hivi," Korongo akajibu, bado anainama, bado anatabasamu. "Yeye atakufunga wewe, mimi nitabaki na duka. Wasomi wapo tele, nikipiga mluzi wanakuja kumi. Usipige kelele, hata ukipiga hasikii, huyu fala."

Nungunungu akavuta pumzi. Akapanda kigoda, akamwonyesha Nyati kwa mikono: tulia, nakuvua. Nyati akatulia. Nungunungu akavuta mara moja, kofia haivuki. Akavuta mara ya pili, haivuki. Akavuta mara ya tatu, haivuki. Basi akachomoa mgongoni mwiba mrefu kuliko yote, akaanza kutoboa, taratibu, kuzunguka sikio la kushoto. Tobo, tobo, tobo. Na huku mdomo wake unaendelea kuongea.

"Bosi, sijakusikia vizuri. Ulisema Mheshimiwa ni nini?"

"Fala!" Korongo akainama.

Kipande cha kofia kikadondoka. Sikio la kushoto likachomoza, phu, limejikunja kama jani. Nungunungu akahamia la kulia. Tobo, tobo, tobo.

"Na kofia ulimuuzia ukijua?"

"Nilijua sana! Ningemuuzia hata chungu, angevaa, angeuliza kama amependeza. Ukoo wao wote ndivyo walivyo. Baba yake alikuwa anaogopa kivuli chake. Na mama yake, nikikwambia mama yake…"

Sikio la kulia likachomoza. Phu.

Nje watu elfu wakanyoosha shingo kuchungulia. Korongo akanyanyua macho kutoka kwenye ile heshima yake, akaona masikio mawili makubwa, yametoka, yanamtazama.

"Endelea, Bwana Korongo," Nyati akasema polepole. "Ulikuwa umefika kwa mama yangu."

Korongo akasema, "*Kofia yangu haina ko—*"

Hakumaliza. Alipitia dirishani, tarbushi ikabaki kwenye msumari, na mji mzima ukaona kwamba mwenye duka la kofia ana kipara chekundu, kibichi, hakina hata unyoya wa kusingiziwa. Alikimbia, Nyati nyuma yake, akaruka, akafika jalala la mbali kabisa, akatua. Nyati akarudi njiani, anahema. Kila alipopita alisikia. Maji, Mheshimiwa. Njia, Mheshimiwa. Umekalia siafu, Mheshimiwa. Hana tena cha kujizibia.

Akamfikia Nungunungu. "Iliyobaki itatoka lini?"

"Haitoki, Mheshimiwa. Imeshika pembe. Lakini masikio yatabaki nje, na kwa mbele nimekupunguzia. Staili yako ni hiyo sasa. Izoee."

Nyati akauliza, "Nimependeza?"

Nungunungu akamtazama mbele, akamtazama ubavuni. Akasema, "Hapana. Ila unasikia."

Watu wakashika midomo. Nyati akapumua, akapumua tena, akaondoka bila kumkanyaga mtu. Kwa kiongozi, hiyo ni hatua kubwa.

Duka likabaki wazi, halina mwenyewe. Watu wamesimama mlangoni, wametazamana na kofia zao, na kwa mara ya kwanza Swala akamwambia Ngiri, "Ndugu yangu, yako inakukaa vibaya mno." Ngiri akasema, "Yako je? Naiona pua tu." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha Swala akachungulia ndani, akauliza, "Hodi, kuna fundi humu?"

Nungunungu akashuka kwenye kigoda. Akakitoa kile kibuyu kimoja, akakiweka nje wenye kiu wanywee maji. Akarudi ndani, ikasikika sauti yake:

"Yupo. Pangeni foleni. Unakwenda wapi, Swala?"

Basi tangu siku hiyo, Nyati ana kile kitu kigumu katikati ya pembe, kimeshuka kama kofia, na masikio yametokeza chini yake. Msidanganywe na vitabu kwamba ni pembe. Ni muhogo. Na Korongo mpaka kesho yuko jalalani, kichwa wazi, anaokota mabaki, na mtu akipita anainama kwa heshima, lakini sasa hasemi kitu, maana hajui nani ametobolewa masikio na nani bado.

Mafunzo? Mnataka na mafunzo juu yake! Haya. Fundi akikwambia mara tatu kwamba kofia itakuziba, mwamini, yeye ndiye aliyesomea. Na wewe unayemtukana mkubwa huku umeinama, hakikisha kwanza hakuna mtu nyuma yake mwenye mwiba.

Hadithi yangu nimeivua, nimeikung'uta vumbi, nimeitundika. Inayemtosha aivae. Isiyemtosha asiimbe kwamba kosa ni la hadithi. Sasa nani ana muhogo wa kuchoma, maana nimesema mpaka njaa imeniteua mkuu wake.